Miezi minne St. Moritz: niliyotamani kuambiwa kabla sijasaini

Juni 2025 mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Moshi, sauti imejaa furaha. "Shangazi, shikamoo. Nimepata kazi Uswisi, hoteli ya matajiri, kule kwenye theluji. Nimeshalipa milioni mbili, zimebaki mbili." Nilimwomba anitumie huo mkataba. Ulikuwa na picha ya hoteli ambayo nilikuwa nimeipita kwa miguu kila siku ya mapumziko majira yote ya baridi yaliyotangulia. Mshahara ulioandikwa ulikuwa mara mbili ya ule niliolipwa mimi. Ajenti alikuwa namba ya WhatsApp tu, na siku mbili baadaye namba hiyo haikupatikana tena. Milioni mbili zilipotea. Zilikuwa za ng'ombe wa mama yake.

Mimi nilifanya kazi ya vyumba msimu mmoja wa baridi katika hoteli ya St. Moritz, mji wa hoteli za kitajiri kwenye milima ya Uswisi. Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine wanaoniuliza kila wiki.

Nianze na hilo la kibali. Kwa mtu asiye raia wa nchi za Umoja wa Ulaya au EFTA (yaani Iceland, Norway na Liechtenstein), Uswisi hutoa kibali cha kazi kwa mameneja, wataalamu na watu wenye ujuzi wa juu, na mwajiri lazima aonyeshe kwamba alitafuta ndani ya Uswisi na Ulaya akakosa. Kutandika vitanda, kuosha vyombo na kubeba mizigo hakumo humo. Kile kibali cha zamani cha wafanyakazi wa msimu kilifutwa mwaka 2002. Kwa hiyo mtu akikuuzia kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli ya Uswisi ukiwa Moshi, Mombasa au Bujumbura na pasi ya kwenu, anakuuzia kitu ambacho hana.

Mimi niliingia kwa pasi ya Ujerumani. Nimezaliwa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Utotoni theluji ilikuwa kitu cha kutazama alfajiri kabla mawingu hayajaifunika Kibo; kijijini kwetu walioigusa walikuwa wapagazi tu. Ujerumani nimekaa miaka 14. Nilipochukua uraia wa huko ilinibidi kuuacha wa Tanzania, uamuzi unaoniuma hadi leo, lakini ndio ulionifungulia njia. Nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli ya wafanyabiashara Stuttgart, kazi ya haraka haraka, chumba dakika 20. Mwenzangu mmoja Mreno ndiye aliyeniambia kuhusu milimani: "Huko chumba kimoja unakihudumia kama mtoto mchanga."

Mkataba ulikuja kwa barua pepe Oktoba 2024. Mwanzo wa Desemba hadi mwanzoni mwa Aprili, faranga 3,850 kwa mwezi. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza na kubwa kuliko yote. Nilizidisha mara nne, nikapata faranga 15,400, nikazigeuza kuwa shilingi, nikaona zaidi ya milioni 40. Usiku huohuo nilimpigia kaka yangu nikamwambia aanze kuulizia kile kiwanja cha jirani. Kurasa tatu za mwisho za mkataba sikuzisoma.

Kurasa hizo ndizo zilizokuwa na makato. Nayaweka hapa kama yalivyokuwa kwenye karatasi yangu ya mshahara, kwa kukadiria, ili anayefuata asiote kama nilivyoota. Bima ya uzee na ulemavu pamoja na ile ya kukosa kazi ni asilimia 6.4, yaani kama faranga 246. Bima ya ajali za nje ya kazi na ya mshahara wa siku za ugonjwa, kama 100. Mfuko wa pensheni, kama 115. Kodi hukatwa papo hapo kwa sisi wageni, na kwangu ilikuwa kama 230. Halafu chumba cha wafanyakazi 345 na chakula 645, ambavyo ni viwango vya kawaida nchini kote. Kilichoingia benki kilikuwa faranga 2,170 hivi. Na humo bado sijalipa bima ya afya, ambayo kila mtu anajitafutia mwenyewe.

Hakuna aliyenidanganya. Yote yaliandikwa, kwa Kijerumani ninachokisoma vizuri. Nilisoma namba moja tu, ile niliyoipenda.

Kufika St. Moritz, kutoka mji wa Chur unapanda treni nyekundu ya reli ya Rhätische Bahn, safari ya saa mbili. Njia ile ilifika St. Moritz mwaka 1904, na tangu 2008 imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Kuna mahali panaitwa Landwasser: daraja la mawe lenye urefu wa mita 65 kwenda juu linapinda kama upinde, na mwisho wake treni inaingia moja kwa moja kwenye tundu la ukuta wa jabali. Nilishika kiti. Baada ya hapo reli inajizungusha ndani ya mlima ili ipande bila magurudumu ya meno, kisha handaki la Albula, na ukitoka upande wa pili umefika Engadin, bonde lenye mwanga mkali kiasi kwamba macho yalinitoka machozi. Chukua miwani ya jua. Nadhani nilikuwa mtu pekee behewani aliyefika milimani bila miwani na akiwa amevaa viatu vya mjini vyenye soli laini.

Kituo cha treni kiko mita 1,775 juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe uko juu zaidi. Kwa mtu wa Kilema huo si urefu wa kutisha, lakini hewa ya kule wakati wa baridi ni kavu mno. Wiki ya kwanza nilitokwa damu puani karibu kila asubuhi, na vidole vilipasuka kwa kuchanganya baridi, mashuka makavu na dawa za usafi. Mafuta ya mgando, yale tuliyopakwa utotoni, yalinisaidia kuliko krimu zote nilizonunua pale kwa bei ya mlo wa siku mbili. Ndani ya chumba nilianika taulo lililoloa juu ya kipasha joto kila usiku.

Hoteli yangu sitaitaja, kwa kuwa nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu na wageni wake walinikabidhi vyumba vyao. Lakini mji ule ni wa hoteli za kale, na historia yake iko wazi kwa kila mtu. Johannes Badrutt alianza na nyumba ndogo ya wageni miaka ya 1850, ikakua ikawa hoteli ya Kulm. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864, mwisho wa kiangazi, aliwaambia wageni wake wa Kiingereza kwamba jua la Engadin wakati wa baridi linazidi la kwao. Waje Krismasi, wasiporidhika atawalipia nauli. Walikuja, wakakaa hadi Pasaka. Kabla ya hapo watu walikwenda milimani kiangazi tu. Mwanawe Caspar alifungua hoteli ya Palace mwaka 1896, ile yenye mnara unaoonekana kwenye kila kadi ya posta. Suvretta House ikafuata 1912. Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika pale mara mbili, 1928 na 1948.

Haya nilianza kuyajali kwa sababu ya doa.

Ilikuwa siku yangu ya nne kazini. Nyumba ile, kama nyingi za Engadin, ina vyumba vilivyopigwa mbao za Arve, msonobari wa milimani wenye harufu tamu inayodumu miaka mingi. Ukifungua mlango harufu inakupokea kabla ya macho. Mbao hizo hazikupakwa rangi wala vanishi. Mimi, na haraka zangu za Stuttgart, nikaona alama ya mkono karibu na kitanda, nikapuliza dawa ya kusafishia kila kitu, nikasugua. Alama ya mkono ilitoka. Mahali pake pakabaki duara jeupe la ukubwa wa sahani.

Ningeweza kusogeza kiti pale, na sikatai kwamba nilikishika. Mwisho nilimwita mkuu wetu wa vyumba, mama wa Kireno aliyekuwa amefanya kazi mle misimu zaidi ya 20. Alipitisha kidole juu ya duara bila kusema kitu, kisha akaniuliza, "Bibi yako alizaliwa lini?" Nikamwambia sijui hasa, labda miaka ya ishirini. "Ubao huu ulikuwa hapa tayari." Fundi seremala alikuja na msasa laini, akapunguza doa kwa kazi ya saa nzima. Halikutoka lote. Sikukatwa pesa, lakini jioni ile nililia, na si kwa kuogopa kufukuzwa. Nilifikiri juu ya wanawake wote waliokuwa wamekifuta chumba kile kwa miaka mia moja bila kuacha alama.

Kuanzia hapo yule mama alinifundisha nyumba. Mbao za Arve ni brashi laini na kitambaa kikavu, basi. Sakafu ya mbao haimwagiwi maji. Kitambaa kikamuliwe hadi kisitoe tone. Milango ni miwili miwili, wa korido na wa ndani, na nafasi kati yake ndiyo pa kusikiliza kama mgeni yupo, kabla ya kubisha. Kuna ngazi za nyuma ambazo mgeni hazioni, zimejengwa kwa ajili yetu tangu mwanzo, na ukijua kila ngazi inatokea wapi unaokoa nusu saa kwa siku. Juu kabisa, chini ya paa, kuna vyumba vidogo ambavyo zamani walilala watumishi waliofuatana na mabwana zao. Siku hizi ni stoo ya mito na mablanketi. Katika nyumba kama hiyo, kabla hujagusa kitu cha mbao, jiwe, shaba au hariri, uliza. Hata ukiwa na uzoefu wa miaka kumi. Hasa ukiwa na uzoefu wa miaka kumi.

Kosa la viatu nililipa wiki ileile. Kutoka nyumba ya wafanyakazi hadi mlango wa nyuma wa hoteli ni mteremko wa dakika tatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi barafu haionekani, ni weusi unaong'aa tu. Nilianguka juu ya kifundo cha mkono. Kwa bahati nilikwenda kutoa taarifa siku hiyohiyo, bima ya ajali ya mwajiri ikalipa gharama zote za daktari. Mwenzetu mmoja aliyeanguka baadaye alivumilia siku sita kabla ya kusema, na maswali aliyoulizwa yalikuwa mengi. Nunua viatu vya soli nzito kabla hujapanda mlimani, na vile vibati vya misumari vya kuvisha juu ya soli. Mimi nilinunua pale kwa faranga 180, na nilivinunua na mkono umefungwa bandeji.

Kosa jingine ni la bima ya afya, na hili limewakuta wengi. Ukifanya kazi Uswisi zaidi ya miezi mitatu unatakiwa kujiandikisha kwenye bima yao, na una miezi mitatu ya kufanya hivyo. Nilielewa kwamba miezi mitatu ile ni ya bure. Sivyo. Ukijiandikisha kwa wakati, unalipa kuanzia siku ya kwanza. Niliandika mwishoni mwa Februari, na bili ya kwanza ilikuja ya miezi yote kwa pamoja, kama 300 kwa kila mmoja. Wakati huohuo bima yangu ya Ujerumani iliendelea kukata kwa sababu sikuwaarifu kwamba nimehama kikazi. Kuwafafanulia baadaye kulichukua barua nyingi, na sehemu ya fedha hizo haikurudi. Wiki ya kwanza fanya mambo matatu: jiandikishe manispaa kabla ya kuanza kazi ili upate kibali cha L, kile cha muda mfupi, chagua bima, na uiandikie ile unayoiacha.

Saa za kazi nilishauriwa niziandike kwenye daftari, na nakushauri vivyo hivyo. Mkataba wa pamoja wa sekta ya hoteli unaweka saa 43 na nusu kwa wiki kwenye hoteli za msimu, pamoja na siku mbili za mapumziko. Wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya hakuna anayehesabu, kila mtu anakimbia. Mwisho wa Januari daftari langu lilikuwa na saa 11 ambazo hazikuwa kwenye karatasi ya hoteli. Nilipeleka daftari ofisini, wakalinganisha na orodha za zamu, wakanipa siku moja na ushee ya mapumziko. Hapakuwa na ugomvi. Nisingekuwa na daftari, ningekuwa na malalamiko tu.

Januari ndiyo ilikuwa ngumu. Wageni wa sikukuu wameondoka, jua linazama nyuma ya milima mapema, na nyumbani wote wanaamini uko peponi. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na binti wa Kipolandi aliyefanya zamu za usiku, tulionana milangoni. Wafanyakazi wengi wa jikoni walikuwa Waitaliano kutoka Valtellina na Chiavenna, waliorudi kwao kila jioni, na niliwaonea wivu. Kilichoniokoa ni misa ya Jumapili kule chini, St. Moritz Bad, na matembezi. Siku moja nilipanda hadi kwenye mnara ulioinama, uliobaki baada ya kanisa lake kubomolewa mwaka 1893. Lilikuwa kanisa la Mtakatifu Mauritius. Nikasimama kwenye theluji nikifikiri: kwa mapokeo ya Kanisa, Mauritius alikuwa askari aliyetoka Thebes, Misri. Mji huu wote, na hoteli zake, na mashindano yake ya farasi juu ya ziwa lililoganda, unaitwa kwa jina la mtu wa Afrika. Nilipiga picha nikamtumia paroko wetu Kilema. Alinijibu kwa neno moja: "Unaona!"

Februari mji hujaa tena kwa ajili ya hao farasi. Ghorofa yangu ilikuwa na wageni wazee, mume na mke, watu wa upole. Siku ya tatu mama alinikuta natandika, akaniuliza natoka wapi. Nilipotaja Kilimanjaro akashangilia, akamwita mumewe: walikuwa wamepanda miaka ya 1980, njia ya Marangu. Akanisimulia juu ya mpagazi kijana aliyembebea mzigo hadi Kibo Hut na kumwimbia alipotaka kukata tamaa. Jina lake hakulikumbuka. Baba yangu mdogo, marehemu, alikuwa mpagazi njia hiyohiyo, miaka hiyohiyo. Aliimba sana. Nilikuwa nimeshika foronya mkononi na sikuweza kuendelea kutandika, nikaomba radhi nikatoka kwenye ile nafasi kati ya milango miwili. Sijui kama alikuwa yeye. Nilipomsimulia yule mama kesho yake kuhusu baba mdogo, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimwandikie maneno ya wimbo aliyokuwa anayaimba kimakosa kwa miaka 40.

Bakshishi waliyoacha iliingia kwenye boksi la pamoja, kama zote, ikagawanywa mwisho wa mwezi. Uliza mapema jinsi inavyogawanywa. Kwangu ilifika kama faranga 900 kwa msimu mzima, na nyingi ni za Krismasi na Februari.

Mwanzoni mwa Aprili tuliifunga nyumba. Hoteli kubwa za pale hulala kati ya misimu. Tulikunja mazulia, tukafunika viti kwa mashuka meupe, tukasimamisha magodoro, tukafunga madirisha ya mbao moja baada ya jingine hadi korido ikawa giza. Kabla hujakabidhi funguo, dai vitu hivi: cheti cha kazi, hati ya mwajiri ya kuombea fomu ya U1, ile inayoonyesha muda uliofanya kazi, kama unarudi nchi ya Umoja wa Ulaya na huenda ukahitaji posho ya kukosa kazi, na hesabu ya mshahara wa kumi na tatu. Huo wa kumi na tatu nilidhani ni zawadi ya waliokaa mwaka mzima. Ni haki yako kwa miezi uliyofanya, mradi kazi haikuvunjika ndani ya muda wa majaribio. Vilevile waambie mfuko wa pensheni pa kuzipeleka fedha zako, la sivyo zitahamishiwa kwenye taasisi inayotunza fedha za waliosahau.

Baada ya bima mbili, viatu, nauli, matumizi na faranga 300 nilizotuma nyumbani kila mwezi, nilirudi Stuttgart na faranga 6,200 na kidogo. Kiwanja hakikununuliwa. Kaka yangu alikuwa ameshamwahidi jirani, na kumpigia simu kumweleza kulikuwa kuzito kuliko kuanguka kwenye barafu. Fedha zile zilikwenda kwingine: sehemu kuziba deni la ng'ombe, sehemu ada ya mtoto wake katika chuo cha hoteli Arusha, ambako sasa anasomea upishi. Ameniuliza kama mpishi aliyehitimu anaweza siku moja kuombewa kibali Uswisi. Nimemjibu kwamba akiwa na cheti, miaka kadhaa ya kazi na Kijerumani, anaweza kuwaandikia waajiri mwenyewe, bila kumlipa mtu yeyote, na kwamba wengi hukataliwa hata hivyo.

Agosti yule mama wa Kireno aliniandikia. Kuna nafasi msimu ujao, ghorofa ileile, na lile duara ukutani limeanza kupata rangi ya mbao zake. Mkataba umekuja wiki iliyopita. Uko mezani, nimeanza na kurasa tatu za mwisho.